Walioegemea Mkono Wangu

Kwenye karata mimi sibahatishi. Ishirini na moja nilijifunzia bwenini, kidato cha pili, Jumapili mchana baada ya kufua, tukishindania vijiko vya sukari, na mpaka naondoka pale kidato cha nne sikumbuki kunywa uji usio na sukari. Kwa hiyo ile Jumamosi nilipoungua kwenye saluni ya Msamala mbele ya mama mkwe wangu, nisisingiziwe kwamba sikujua kucheza. Niliungua kwa hasira. Na kama kuna mtu anataka kuniambia zile hasira zilikuwa za bure, kwanza anyonyeshe mtoto mwenye meno mawili, halafu aje tuongee.

Saluni yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya mtu. Ina mlango wa rangi ya waridi, benchi la kusubiria, draya moja inayofanya kazi na nyingine ya kutundikia mikoba. Wasusi ni wawili, mtu na mdogo wake. Mwenye saluni ni mama mnene mwenye sauti ya taratibu, na Jumamosi yeye hasuki. Jumamosi anagawa karata.

Mchezo hauna mambo mengi. Unapewa karata mbili, unajumlisha, ukitaka unaongeza. Anayekaribia zaidi ishirini na moja kuliko mwenye saluni ameshinda, anayevuka ameungua. Pesa haiingii hapo, mwenye saluni ni mtu wa jumuiya na hataki kesi na paroko. Tunacheza kwa vibanio vya nywele, vile vya plastiki, kumi kila mtu, anavitoa kwenye kopo la maziwa. Siku za kawaida vibanio havina maana, unacheka na unaondoka. Lakini siku ambayo watu ni wengi kuliko viti, mwenye vibanio vingi ndiye anayekalia kiti kinachofuata. Hakuna kugombana nani alifika saa ngapi. Ni haki kabisa, na watu wa Msamala wanaikubali kuliko hata mikutano ya mtaa.

Sasa, wasusi nao wanapenda karata, ila mikono yao iko kwenye vichwa vya watu na ina mafuta, na mwenye saluni hataki karata zake zinuke mafuta ya nazi. Ndiyo maana pale kuna kuegemea. Msusi anasema, "Vibanio vyangu vitatu viweke kwa huyu," vinawekwa nyuma ya vyako, na kuanzia hapo mkono wako ni mkono wake pia. Ukishinda ameshinda, ukiungua mmeungua wote. Aliyeko kwenye kiti anasukwa naye anaruhusiwa kuegemea, maana kichwa kimeshikwa na hawezi kuinama. Sheria ni moja tu, imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha boksi chini ya picha za mitindo: UKIEGEMEA, NYAMAZA.

Sijawahi kuona sheria inayovunjwa kama ile.

Jumamosi hiyo nilihitaji kiti kuliko mtu yeyote. Binti yangu alikuwa anabatizwa kesho yake misa ya kwanza, na mimi nilikuwa nimefumua nywele tangu Alhamisi, nikidhani Ijumaa nitasukwa. Ijumaa mtoto akaamka na mafua. Ni mwezi wa saba, Songea yote inapiga chafya, wangu angeachaje. Kwa hiyo Jumamosi kichwa kilikuwa wazi, nywele zimesimama kila moja kwa imani yake, nimezifunika kwa kitambaa. Na nyumbani Mjimwema alikuwepo mama mkwe, aliyeshuka kwenye basi la kutoka Mbinga Jumatano na debe la maharage, sweta mbili, na maoni.

Nayataja machache tu. Uji wangu mwepesi. Uji wangu mzito (hiyo ni kesho yake, uji ule ule). Mtoto nimemvalisha sana, anapumuaje? Mtoto nimemvalisha kidogo, nataka afe? Maharage sikuloweka. Mtoto ananyonya akiangalia mlango, si vizuri. Alhamisi jioni nikiwa nafumua, akasimama mlangoni akanitazama muda mrefu kabla ya kusema, kwa upole kabisa, "Mtoto anabatizwa, na mama yake kichwa kama kiota cha kunguru."

Kwetu mama mkwe hajibiwi. Nilikwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Basi Jumamosi saa nane nikamwacha mtoto akiwa amelala, nikamwambia mume wangu kwamba mama yake akiniulizia aseme nimekwenda kufanya alichosema, nikapanda bodaboda. Nilifika nikakuta benchi limejaa. Mwenye saluni akatangaza hali ilivyo. Mpaka kufunga saa kumi na mbili wasusi wangeweza kumaliza vichwa viwili zaidi, baada ya hivyo vilivyokuwa vitini. Kimoja kimeshashikwa na mama mmoja mtu mzima aliyepita Ijumaa. Kwa hiyo kimebaki kimoja.

Waliokitaka kiti hicho kwa dhati tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anayesimamia ubatizo wa mtoto wa dada yake kwenye misa hiyo hiyo, na ambaye hata akicheza karata anakaa kama anasahihisha. Kulikuwa pia na dada mmoja mwisho wa benchi, kimya, amefungua kitabu cha nyimbo za kwaya, aliyesema karata hazijui na atasubiri tu Mungu akipenda. Na alikuwepo mama muuza korosho, mwenyeji wa Tunduru, beseni lake kati ya miguu. Yeye saluni haji kusuka, anakuja kuuza na kupumzisha miguu.

"Mimi kamari simo," alisema kama anavyosema kila Jumamosi. "Dini yangu hairuhusi. Nakaa kuangalia tu." Halafu akavuta kigoda nyuma ya bega langu, mahali pazuri pa kuona karata zangu.

Tulianza. Mkono wa kwanza nikashinda, wa pili nikashinda, na wa tatu wasusi wote wawili walikuwa wameniegemea. Hapo ndipo raha ya mchezo inapoisha. Ukiwa peke yako unacheza. Ukiegemewa, unakuwa kama mtoto wa kwanza wa ukoo, kila mtu amekusomesha yeye. Nikiwa na kumi na nne nikaomba karata, msusi mkubwa akasonya juu ya kichwa cha mteja wake. Ikaja sita, tukawa na ishirini, tukashinda. Nilidhani atashukuru. Akasema tumeshinda, ndiyo, ila vile sivyo. Mkono uliofuata nikabaki na kumi na saba kama walivyotaka, tukashindwa, wakasema nimekuwa mwoga tangu nizae.

Mama wa korosho naye, ambaye hayumo, alikuwa anapumua. Nikiwa na karata nzuri anapumua hivi, nikiwa na mbaya anapumua vile, na mwenye saluni mbele yangu anasikia zote mbili. Nilimwomba asogee kidogo. Akanipa korosho tano mkononi kunituliza na hakusogea.

Ilipokaribia saa kumi nilikuwa nimemzidi mwalimu vibanio viwili. Mwenye saluni akasema huu ni mkono wa mwisho, na kwenye mkono wa mwisho kila mtu anaweka vyote, ndivyo desturi yake. Nikasukuma vyangu. Wasusi wakaagiza vyao viwekwe nyuma yangu, vyote. Aliyekuwa anasukwa akaweka vyake. Nyuma ya mwalimu hakuwepo hata mmoja, naye akaangalia mlima wa vibanio nyuma yangu kama anayeona darasa la mwenzake limejaa.

Karata zikagawiwa. Mwalimu akatazama zake mbili, akazilaza chini, akasema zinatosha. Mwenye saluni alikuwa ameonyesha moja, mfalme wa kopa, hiyo ni kumi, na nyingine ameifunika. Mimi nilipata kumi ya uru na sita ya maua.

Anayejua mchezo huu anajua kumi na sita ni nini. Ni kama wali uliobaki jana, huumwagi na huwezi kumkaribisha mgeni.

Hapo ndipo mlango wa waridi ukafunguliwa, akaingia mama mkwe na binti yangu mgongoni, mtoto ana kofia mbili. Wote tukamwamkia. Akaitikia marahaba kwa mzunguko mmoja, kama askofu, akamshusha mtoto na kuniwekea mapajani. Alisema ameamka, ana njaa, na baba yake anampa biskuti. Sikuwa na la kufanya. Nikamnyonyesha kwa mkono mmoja, karata kwenye mkono wa pili.

Nilingoja nisikie. Mke wa mtoto wake, siku moja kabla ya ubatizo, anacheza karata na ziwa liko nje. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, na safari hii nilikusudia kulitoa. Lakini mama mkwe alikuwa anatazama meza. Akauliza vile vibanio vya nini. Mama wa korosho akamweleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, mpaka kuegemea, mpaka kile kibao cha boksi, akamsomea. Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. Kisha akamgeukia mwenye saluni.

"Na kile kiti changu nilichokushikisha jana kipo?"

"Kipo, mama," mwenye saluni akasema. "Ni hicho kinachokwisha sasa hivi."

Kumbe mtu mzima aliyepita Ijumaa ni huyu. Ijumaa aliyoniambia anakwenda kumsalimia mtu wa kwao. Miaka mitatu nimeolewa sijawahi kuuona unywele wake hata mmoja, kilemba anaamka nacho, na kumbe alikuwa ameshanipita kwenye foleni ya kwangu mwenyewe, baada ya kunitukana kuwa nina kiota kichwani. Nilihisi joto linapanda kutoka miguuni. Mtoto akalisikia kwenye maziwa, akaachia, akanitazama.

Mama mkwe akavuta kiti cha plastiki, akakaa nyuma yangu upande ule ambao hakukuwa na mama wa korosho.

"Basi nakiweka hapo," akasema. "Nyuma ya mkono wa mwanangu."

Tangu kuegemea kuanze pale, vimeegemezwa vibanio, na siku moja bangili. Kiti kilikuwa hakijawahi. Mwenye saluni alifikiri, akaamua kwamba inawezekana. Nikishinda, mama mkwe anabaki na kiti chake na anapata rasta mbili za rangi aitakayo kutoka rafuni. Nikiungua, kiti kinakwenda kwa anayefuata kwenye benchi. Dada wa kwaya akafunga kitabu chake.

Ndipo wakaanza. Msusi mkubwa akasema nibaki. Mdogo wake akasema nibaki, ana mguu unamuuma na hataki kufagia leo, maana wasusi wakishindwa, mdogo ndiye anayefagia. Mteja wa kwenye kiti akasema nibaki, na wala alikuwa hazioni karata zangu, alikuwa ameelekezwa ukutani. "Mimi simo," mama wa korosho akaninong'oneza sikioni, "ila mwanangu, baki hapo hapo ulipo."

Nikageuka nimtazame mama mkwe. Yeye ndiye aliyeweka kikubwa kuliko wote. Siku tatu amesema juu ya uji, juu ya sweta, juu ya mlango. Nikamuuliza, na najua sauti yangu haikuwa na adabu ya kutosha:

"Mama, nichukue au nibaki?"

Akanyoosha kidole kwenye kile kipande cha boksi.

"Mkono ni wako," akasema. "Mimi nimeegemea tu."

Hesabu ilisema nichukue. Mwenye saluni ana kumi mezani, kumi na sita haiendi popote, hata leo ningemweleza hivyo mwalimu yeyote wa hesabu. Lakini nitakuwa mwongo nikisema nilichukua kwa hesabu. Nilichukua kwa sababu watu wanne walikuwa wanapiga kelele nisichukue, na mmoja ambaye ningemsikiliza alikuwa amechagua dakika ile, katika dakika zote za wiki, kufunga mdomo.

"Nipe," nikasema.

Ikaja nane ya shupaza.

Msusi mdogo akaenda kuchukua ufagio bila kuambiwa. Mwenye saluni akafunua karata yake, maana mwalimu alikuwa bado mchezoni. Ilikuwa tano. Kumi na tano, na pale wote tunajua hana tabia ya kuongeza akifika kumi na tano. Kumi na sita yangu ingetosha. Kumi na nane ya mwalimu ilitosha. Mwalimu akainuka, akanyoosha sketi, akanipa mkono kama mgeni rasmi, na kwenda kukaa kwenye kiti. Dada wa kwaya akakaa kwenye cha mama mkwe, akasema Mungu ni mwema. Mama wa korosho akasema ndiyo maana dini yake inakataza, akabeba beseni lake.

Tuliondoka kwa miguu. Mama mkwe alitaka kutembea, na mimi nilitaka kupanda bodaboda na kumwacha, lakini mtoto alikuwa mgongoni kwake. Upepo ulikuwa baridi, kitambaa changu kinateleza, watoto wanatuamkia, na mimi naitikia kama ninayegombana nao. Tulipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga, akasema:

"Ulikuwa na kumi na sita."

"Ndiyo, mama."

"Mimi ningebaki."

Nilisimama katikati ya njia. Yaliyotoka hapo sikuyapanga. Nilimwambia tangu Jumatano anaongea. Nilimwambia uji hauwezi kuwa mwepesi na mzito. Nilimwambia kunguru ana kiota kizuri, aliwahi kukiona? Na siku moja, mara moja, nimemuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu, ananionyesha boksi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na mtoto mgongoni akatikisika nayo, na mtoto akacheka kwa sababu ya kutikiswa, na mama mkwe akalazimika kushika ukuta wa ile mashine.

"Sasa si imeandikwa?" akasema alipopata pumzi. "Kwako wewe hujaandika popote."

Jioni alinikalisha kwenye mkeka kati ya magoti yake, karibu na jiko la mkaa, akanisuka. Rasta hatukuwa nazo. Alinisuka twende kilioni, ule mtindo wa mistari minane ya kurudi nyuma ambao mtu husukwa haraka akipata taarifa ya msiba. Ndio aliokuwa anaujua. Ana mikono ya kupalilia kahawa, alinivuta mpaka macho yakapanda, na nilipolalamika akasema anaegemea tu. Alipomaliza akavua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeupe, laini kama pamba iliyochambuliwa, na sijui kwa nini alizificha miaka yote hiyo. Aliniambia alitaka kusukwa za kushuka mabegani, kama alizoziona kwenye picha ya harusi ya mtu. Akaniambia nisimwambie mwanawe. Nikamsuka twende kilioni, mistari sita, maana mikono yangu haina ufundi.

Kwenye misa ya kwanza tulikaa karibu na mbele, kama watu wawili waliokuwa wanaelekea msibani wakapotea njia. Mwalimu alikuwa safu mbili mbele yetu na rasta zilizosukwa vizuri hivi kwamba nilisali nikiziangalia. Binti yangu, ambaye ndiye mwenye siku na hana unywele hata mmoja, hakulia maji yalipomwagwa. Bibi yake alisema ni kwa sababu ya ule uji. Hakusema upi.

Alikuwa aondoke Jumatatu. Jumatatu akasema mgongo. Jumanne akasema mtoto bado ana mafua kidogo. Jumamosi saa saba na nusu nilimkuta amekaa sebuleni, amevaa sweta ya kutokea, pochi mapajani.

Safari hii alishika karata yeye. Mimi nilikuwa na mtoto anayejirusha, kwa hiyo niliegemea, vibanio vyangu vyote kumi. Mama wa korosho alikuwepo, hayumo. Wasusi waliegemea. Kiti kilikuwa kimoja, na kwenye mkono wa mwisho mwenye saluni alionyesha tisa. Mama mkwe akapata mfalme na nane. Kumi na nane. Kwa kumi na nane hata mtoto wa chekechea anabaki. Yeye akaziangalia, akaondoa kidole kwenye meza, akakirudisha, akamtazama mwenye saluni.

Nilifungua mdomo. Hata kugeuka hakugeuka, alinyoosha tu kidole kwenye lile boksi. Nikaufunga. Nilimkumbatia mtoto kwa nguvu kiasi kwamba akapiga ukelele, na ule ukelele ulikuwa wangu.

"Ongeza," mama mkwe akasema.

Ilikuwa tatu ya kopa. Hakutabasamu. Alifungua kilemba, akakikunja mara nne, akanipa nimshikie, akaenda kukaa kwenye kiti, na tangu akae mpaka anasimama alimweleza msusi jinsi ya kusuka.